Tukienda Kusaidia, Tunaacha Nini?

Vijana wa makanisa ya ng'ambo hufika mwambao wa Ziwa Victoria kwa wiki moja, wakapaka rangi darasa, wakapiga picha, wakaondoka. Fundi wa kijijini angeipaka kwa ujira, na kichocho kingali majini. Tuwe waadilifu: Hospitali ya Bugando, iliyojengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa 1971, inatutibu sote hadi leo, kwa kuwa huduma ilibaki.

Nasi tujihesabu. Vijana wetu wapelekao futari Ukerewe, je, huwauliza kwanza wenyeji wanahitaji nini? Al-Baqara, aya ya 264, yatukataza kubatilisha sadaka kwa masimango na maudhi. Kamera usoni mwa mpokeaji ni maudhi. Mwanao akirejea, muulize: umeacha nini, na nani atakitunza?