Mathree si kosa. Kosa ni burger

Juzi nilisema "mathree" kwenye video, komenti zikajaa walimu. "Sheng inaharibu lugha." "Kiingereza kina kanuni." Mmoja akamalizia: "Ndio maana uliacha chuo."

Sawa, niliacha. Sasa tuskizane kuhusu hizo kanuni.

Chukua burger, hiyo unayopiga picha kabla ya kuila. Neno zima ni hamburger, na limetoka Hamburg, mji wa Ujerumani. Ile "-er" ya mwisho ni kiambishi cha Kijerumani cha kuonyesha mtu au kitu cha mahali fulani: wa Berlin ni Berliner, wa Frankfurt ni Frankfurter. Kwa hivyo ukilikata vizuri unapata Hamburg, halafu "-er".

Lakini wenye Kiingereza chao waliona "ham" pale mbele, yaani nyama ya nguruwe, wakakata hapo. Na ndani ni ng'ombe, bana! Kilichobaki, "burger", ni nusu ya jina la mji na mkia wa Kijerumani. Wakakibandika kwa cheese, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Marekani walikuwa wanasema cheeseburger. Leo iko kwa kamusi. Nani aliitwa mjinga?

Matatu je? Ni "ma-" na "tatu", ile tatu ya nauli ya zamani, sarafu tatu za senti kumi. Vijana wa Nairobi wakatoa tatu, wakaweka three. Sisi tulikata kwenye kiungo. Wao walikata mfupa.

Na msikimbilie Kiswahili sanifu. Kitabu kimetoka Kiarabu, kitab, na huko wingi wake ni kutub. Wazee wetu waliona "ki-" kama ya kiti, wakasema vitabu. Ushawahi kunyimwa maksi kwa kuandika vitabu?

Kwa mtihani andika wanavyotaka, hapo sibishani. Lakini nikiwa kidato cha pili nilivalishwa kibao shingoni kwa kuongea Sheng, darasa zima likacheka. Sikuinua mkono tena hadi nikamaliza shule. Mnaulizana lugha inaharibikia wapi? Inaharibikia hapo, kwa mtoto aliyejua jibu akanyamaza.

Kwa hivyo mwalimu wa komenti, ukitaka kunicheka tena, karibu. Ila kwanza weka hiyo burger chini.