Mbwa wa Elfu Ishirini

Mbio za mbwa hapa Nakuru tunaziona kwenye skrini za maduka ya kamari tu, na mbwa wale hawali. Yule ambaye wateja wetu wanamnunua kwelikweli ni German Shepherd, wa kulinda boma kule Kiamunyi, Lanet au Njoro. Shida ni kwamba wengi wanapiga hesabu ya siku moja pekee, ile ya kumnunua.

Tuseme mtoto wa mbwa ni shilingi 20,000. Akikomaa, dume hufika kilo 30 hadi 40, na mwili huo haushibi kwa makombo ya ugali. Hata ukibana sana, ukanunua mabaki ya buchari na unga wa kupikia, weka shilingi 100 kwa siku. Hiyo ni 36,500 kwa mwaka. Akiishi miaka 10, ambayo ni kawaida kwake, ni 365,000 ya chakula peke yake. Bado daktari wa mifugo. Chanjo za utotoni hurudiwa kila baada ya wiki chache hadi afikishe karibu miezi minne. Ukizembea, parvo inaweza kummaliza kwa siku chache. Ya kichaa cha mbwa nayo ni kila mwaka.

Mwenyewe akilemewa, mbwa hufunguliwa usiku "ajitafutie". Hapo gharama imehamia kwa watoto wa jirani. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Kwa hivyo sisi tunasema: fuga mbwa hewa kwanza, mwezi mmoja. Kila jioni weka 100 kwenye akiba ya simu na usiiguse. Siku ya 30 ukikosa 3,000 pale, basi mbwa naye angelala njaa. Tunajua si rahisi kumwambia hivi mtu aliyeibiwa kuku wiki iliyopita. Huyo tungemshauri aanze na taa na kufuli.

Halafu kuna kulipa. Picha kwenye Facebook inapendeza, muuzaji anasema yuko Naivasha, tuma dipoziti mbwa aletwe na matatu. Ukituma, anadai ya kreti. Kesho ni ya chanjo. Bwana, panda hiyo matatu wewe mwenyewe! Mwone mtoto pamoja na mama yake, na uitishe kadi ya chanjo yenye muhuri wa daktari. Akijigamba kuwa mbwa ana karatasi za ukoo za East Africa Kennel Club, wapigie klabu uwaulize. Lipa ukiwa umemshika mbwa mkononi, na usome jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha. Pesa uliyotuma kwa hiari yako, ikatolewa kwa ajenti dakika tano baadaye, mara nyingi hata sisi hatuwezi kukurudishia.