SI UVIVU, NI MOYO

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kuna neno moja ambalo hutumiwa ovyo sana humu shuleni. Neno lenyewe ni "mvivu". Huandikwa kwa wino mwekundu katika ripoti za mwisho wa muhula, nasi wanafunzi hulidaka na kulifanya jina la utani la mwenzetu. Maoni yangu ni kwamba kuna wanafunzi ambao neno hili ni dhuluma kwao, nao ni baadhi ya wale waliozaliwa na kasoro ya moyo.

Katika kila watoto mia moja wanaozaliwa duniani, karibu mmoja huzaliwa na kasoro hiyo. Huenda ni tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba vya moyo, au mishipa mikuu miwili imebadilishana mahali. Zamani wengi wa wale waliokuwa na kasoro kubwa hawakufika hata darasa la kwanza. Siku hizi mtoto akibahatika kufikishwa kwa madaktari mapema, hupasuliwa, akashonwa, akakua na kuja kuketi nasi dawatini. Sisi tukishasikia kwamba amepona, basi. Tunamwondolea mbio za nyika, halafu tunasahau.

Kumbe moyo ukishashonwa shughuli haijaisha! Kuanzia mwaka wa 1988, madaktari wa Boston huko Marekani waliwafuatilia watoto wachanga 171 waliopasuliwa kwa sababu mishipa yao mikuu ilikuwa imebadilishana mahali. Matokeo ya uchunguzi waliofanyiwa walipofikisha umri wa miaka 16, umri wangu mimi ninayeandika, yalichapishwa mwaka wa 2011. Wengi wao hawakuwa wajinga hata kidogo. Walakini, wengi walitatizika kumakinika, kukumbuka, kupanga kazi na hata kutambua hisia za wenzao. Zaidi ya nusu walikuwa wamewahi kuhitaji msaada maalum katika masomo au tabia.

Sababu ni gani? Ubongo wa mtoto hukua tangu tumboni kwa damu yenye oksijeni. Moyo ukiwa na kasoro kubwa, ubongo hupungukiwa na riziki yake. Watafiti waliopiga picha za ubongo wa watoto wachanga wa aina hii walikuta kwamba ukuaji wake uko nyuma kwa takriban mwezi mmoja, ingawa mtoto mwenyewe amezaliwa baada ya kutimiza miezi tisa. Ongeza hapo upasuaji wenyewe na majuma ya kulazwa hospitalini. Si wote wanaoathirika. Mwenye tundu dogo huenda asipate tatizo lolote. Hata hivyo, kasoro ikiwa kubwa, hatari nayo huwa kubwa.

Ninaketi na kijana mmoja wa aina hiyo, naye ameniruhusu niandike mradi nisimtaje jina. Mwalimu akisema, "Fungueni ukurasa wa 84, fanyeni swali la kwanza hadi la sita, rukeni la nne, kisha madaftari yaletwe ofisini kabla ya chakula cha mchana," mwenzangu huandika tarehe vizuri, akapiga mstari, akafungua ukurasa wa 84. Halafu hunigeukia na kuninong'oneza, "Amesema mpaka la ngapi?" Darasa zima hucheka. Kijana huyo huyo ndiye aliyetueleza sakiti za umeme kwa mdomo tukaelewa wote. Lakini katika mtihani wa Fizikia aliacha maswali matatu bila kuyagusa kwa kuwa muda ulimwishia. Sasa kuna mazungumzo kwamba arudie darasa. Jamani, arudie nini, na hali anajua?

Mimi humfananisha na duka lililojaa bidhaa lakini lenye muuzaji mmoja. Wateja kumi wakiingia kwa pamoja na kupiga kelele, muuzaji atachanganyikiwa, atoe sukari kwa aliyetaka chumvi. Bidhaa zipo. Waingie mmoja mmoja, uone kama hawatahudumiwa wote.

Najua wapo watakaosema, "Tukimpa kila mtu kisingizio, nani atasoma?" Nami nauliza, kwani anayevaa miwani tunamwambia anatafuta kisingizio? Wengine watasema mtihani wa taifa haumsubiri mtu. Mbona Baraza la Mitihani lenyewe lina utaratibu wa kuwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalum? Sidai kwamba kila mwenye kovu kifuani aongezewe dakika. Ninachodai ni kwamba achunguzwe mapema, ijulikane anahitaji nini, badala ya kungojea Kidato cha Nne ndipo tushtuke. Nchini mwetu vituo vya kuwatathmini wanafunzi wenye mahitaji maalum vilianzishwa mwaka wa 1984. Nalo Shirika la Moyo la Marekani lilishauri mwaka wa 2012 kwamba watoto walio katika hatari hii wachunguzwe ukuaji wao wa akili mara kwa mara, hata kama wanaonekana wazima.

Wakati tunangoja hayo, yapo tunayoweza kuyafanya hapa hapa bila kutoa hata shilingi. Maagizo yaandikwe ubaoni, yasisemwe tu. Kazi ndefu igawanywe vipande vipande. Mwenzetu aketishwe mbele, mbali na dirisha linaloelekea barabarani kwenye kelele za matatu. Fomu ya kujiunga na shule, ambayo huuliza tu kama mtoto anaweza kushiriki michezo, iulize pia kuhusu masomo yake. Nasi wanafunzi tumwonyeshe tulipofika, lakini tusimfanyie kazi yake. Huruma ya kumfanyia kila kitu nayo ni tusi, kwa sababu inamwambia hawezi.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenzangu huyu huamka saa kumi alfajiri kurudia alichosoma jana, kwa sababu anajua kitamponyoka. Mtu wa namna hiyo haitwi mvivu. Sisi ni wanachama wa Chama cha Kiswahili, na lugha yetu haina uhaba wa maneno. Ripoti za muhula huu bado hazijaandikwa. Shime, walimu wetu, kabla ya kalamu nyekundu kugusa karatasi, ulizeni kwanza.