Watu wa Nchi Nyingine: Waitalia na Vijiji Vyao Vitupu

Msafiri ashukaye kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu huona kando ya njia kanisa dogo sana. Lilijengwa mwaka wa 1942 na mateka wa vita wa Kiitalia, wale wale waliotengeneza barabara ile ya mtelemko. Wako watu wengi katika Kenya wasiomjua Mwitalia ila kwa kanisa hilo, na kwa tambi.

Nchi yake ina umbo la buti, nayo imeingia baharini kusini ya milima ya Alps. Wenyeji wapata milioni 59. Zamani palikuwa na falme na miji mingi, kila mmoja na mkubwa wake, hata mwaka wa 1861 ulipotangazwa ufalme mmoja wa Italia. Na mwaka wa 1946 raia, wanawake nao wakipiga kura, waliukataa ufalme wakachagua jamhuri. Walakini Mwitalia hakuacha kuupenda mji wake mbele ya nchi yake. Liko hata neno la mapenzi hayo, nalo latokana na mnara wa kengele ya kanisa. Mtu wa Venezia na mtu wa Napoli, kila mmoja akisema lugha ya nyumbani kwao, hawasikilizani vema.

Na juu ya mapenzi hayo yote, walihama. Katika miaka mia moja baada ya nchi kuungana, watu zaidi ya milioni 20 walitoka, wakikimbia umaskini. Walikwenda Marekani, Argentina na Brazil. Wengine Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe. Tarehe 8 Agosti 1956 moto ulipowaka katika mgodi wa Marcinelle nchini Ubelgiji walikufa watu 262, na katika hao Waitalia walikuwa 136.

Leo shida ni nyingine. Mwaka wa 1964 walizaliwa Italia watoto zaidi ya milioni moja; mwaka wa 2024 walizaliwa wapata 370,000 tu. Katika vijiji vingi vya milimani na vya kisiwa cha Sisilia milango imefungwa, shule zimekosa watoto, na waketio uwanjani mbele ya kanisa ni wazee. Mabaraza ya miji kama Mussomeli yameuza nyumba kuukuu kwa euro moja, bei ya kikombe cha kahawa, kwa sharti kwamba mnunuzi aitengeneze. (Gharama ya kutengeneza, bila shaka, si ya kikombe cha kahawa.)

Kazi za nchi basi zafanywa na nani? Katika bonde la mto Po, wakamuaji wengi wa ng'ombe ambao maziwa yao hufanywa jibini mashuhuri ni Masingasinga wa Punjab. Mama mzee ambaye wanawe wako mbali hutunzwa na mwanamke wa Ukraine au Romania, ambaye pengine ndiye ampikiaye tambi zake za Jumapili.

Lakini sheria ya uraia ya mwaka 1992 ilifuata damu. Kijana wa Buenos Aires, ambaye babu wa babu yake alipanda meli, aliweza kudai uraia bila kujua neno moja la Kiitalia. Mtoto wa wageni aliyezaliwa Italia yampasa kukaa huko mfululizo hata atimize miaka 18, ndipo aombe. Ni jambo la ajabu kwa nchi iliyo na haja ya watoto. Mwaka wa 2025 serikali iliubana mlango wa wale wa ng'ambo, ukabaki kwa jumla kwa mwenye mzazi au babu wa Kiitalia. Mwaka huo huo, mwezi wa Juni, raia waliitwa kupiga kura ili miaka 10 ya kungoja kwa mgeni mzima ipunguzwe iwe 5, na watoto wake wadogo wafaidike pamoja naye. Ilihitajiwa nusu ya wapiga kura wafike. Walifika wapata thuluthi tu, na kura ikawa si kitu. Mtoto wa mkamuaji, aliyesomea shule ya hapo na kusema Kiitalia cha hapo, angali akingoja.