Lengo Lenye Siku Yake

Ndugu zetu wauzao mahamri na viazi karai hutuambia kuwa lengo lao ni "kukuza biashara". Hilo ni tamanio, halina kipimo wala siku. Sisi twasema hivi: tangu kuandama Rajabu hadi kuandama Ramadhani ni siku 59 hivi. Atengaye shilingi 100 kila siku atapata 5,900 za unga na mafuta, asiende kukopa dukani akaingia Idi na deni. Lakini atenge katika faida, si katika mtaji. Na mkebe usikae jikoni, kwani mgeni akibisha hodi ndio hufunguliwa kwanza! Asiyeweza 100 na atenge 30. Zitafika 1,770, hizo ziwe za unga tu.