Sauti au Mradi? Maoni Kuhusu Upimaji wa Mawasilisho ya Wanafunzi

Fikra ya kumfundisha mwanafunzi kwa njia ya mradi si ngeni. William Heard Kilpatrick aliitetea nchini Marekani katika makala yake ya mwaka 1918, na kwetu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikwisha kuukosoa mfumo unaoutukuza mtihani kupita kiasi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kitaifa nchini Kenya mwaka 2019, umeipa miradi nafasi kubwa tena, na wanafunzi wake watabisha hodi vyuoni kabla ya muongo huu kwisha. Mradi wenyewe, basi, hauhitaji wakili. Tunachotaka kukijadili ni ile saa ya mwisho, kundi linaposimama mbele ya darasa kuwasilisha lilichokipata, na mwalimu akaandika alama. Kwa maoni yetu, alama hiyo mara nyingi huipima sauti, haiupimi mradi.

Tuchukue mfano. Wanafunzi watano wametumwa Bagamoyo kukusanya istilahi za ngalawa. Wamerudi na foromali, mrengu, goshi, demani na nyingine nyingi. Siku ya kuwasilisha, mmoja wao mwenye ulimi mwepesi anazungumza dakika kumi na tano, slaidi zinapendeza, darasa linapiga makofi, na wote watano wanapewa alama 8 kati ya 10. Hakuna aliyewauliza kama demani waliyoiandika ni kamba ya tanga au ni majira. Hakuna aliyetaka kujua kama walimsikia mvuvi akilitamka neno hilo akiwa kazini, au wao ndio waliomtajia naye akaitikia. Tofauti hiyo si ndogo: mtoa habari akitajiwa neno na mgeni mwenye daftari, huweza kulikubali kwa adabu tu. Huenda aliyelijua hilo ni yule aliyekaa kimya pembeni, ambaye ndiye aliyeamka alfajiri kwenda ufukweni.

Katika idara za Kiswahili jambo hili lina uzito wa pekee. Orodha za vigezo huwa na kipengele cha ufasaha, na chini ya kivuli cha ufasaha huingia lafudhi. Aliyezaliwa Lamu au Unguja huanza na akiba ambayo mwenzake wa Kigoma au Kakamega hana, ingawa mradi ulihusu msamiati na wala haukuhusu matamshi. Hatusemi kwamba uzungumzaji usipimwe. Katika kozi ya ulumbi au ya mbinu za kufundisha, huo ndio umilisi unaotafutwa. Lakini pale usipokuwa lengo la kozi, kuupa alama nyingi ni kumtahini mtu kwa somo ambalo hakufundishwa.

Tena kuna suala la ushahidi. Kitabu cha majibu ya mtihani hutunzwa. Mtahini wa nje hukisoma, na mwanafunzi asiyeridhika huweza kuomba kisahihishwe upya. Wasilisho lisiporekodiwa halina pa kurejewa. Mtahini wa nje huonyeshwa tarakimu tu, naye hana budi kuiamini. Kwa alama inayoweza kubadili daraja la shahada, huo ni ulegevu mkubwa.

Tunapendekeza mwalimu ayasome madaftari ya nyanjani kabla ya siku ya kuwasilisha, na aje na maswali yaliyotokana nayo. Mzungumzaji apatikane kwa kura asubuhi ile ile, ili kila mwanakundi alazimike kuijua kazi nzima. Maelezo ya kundi yapewe sehemu ndogo ya alama. Sehemu kubwa iwe ya majibu, na kila mmoja apewe yake. Kinasa sauti kiwe mezani. Hapa hatuigi mtu: katika malumbano ya washairi wetu, beti za kwanza hazikutosha kumfanya mtu bingwa, kwani lililosubiriwa ni jibu. (Ajabu ni kwamba tunayafundisha malumbano hayo asubuhi, na jioni tunatoa alama kwa kusikiliza hotuba.)

Tutaambiwa kwamba muda hautoshi. Darasa la wanafunzi 60, katika makundi ya watano, ni makundi 12. Kila kundi likipewa dakika 30, kumi za maelezo na ishirini za maswali, kazi nzima ni saa sita, yaani semina tatu za saa mbili. Ni kweli kwamba yapo madarasa yanayozidi wanafunzi 300, na huko hesabu hii haifui dafu. Huko ni afadhali wasilisho libaki kuwa zoezi lisilo na alama, na mradi upimwe kwa ripoti na daftari, kuliko kugawa alama ambazo mtoaji mwenyewe hawezi kuzieleza.