Kuliwa Si Ujinga

Ipo methali katika lugha yetu ambayo hutamkwa kwa wepesi mno, na aghalabu kwa kicheko, kila mtu anapopata hasara mikononi mwa mwenziwe: wajinga ndio waliwao. Nimeisikia barazani, nimeisikia sokoni, na kwa miaka mingi nami nikiitamka kama walivyoitamka wengine, bila ya kuipima. Leo nataka kuipima mahali ambapo haikosi kutajwa, yaani katika yadi za magari yaliyokwisha kutumika, ambako mtu huenda na akiba ya miaka sita au saba, akarudi na chombo kisichofanana na kile alichoelezwa, kisha akaambiwa na jamaa zake mwenyewe kwamba taksiri ni yake. Nasema tangu mwanzo ya kuwa methali hiyo, ikitumika hapo, ni dhuluma juu ya dhuluma, na ya kuwa maadamu tunaendelea kuiamini, biashara hii haitapata kunyoka.

Mwaka 2023 nilinunua gari dogo katika yadi moja ya hapa Mombasa, gari lililotengenezwa Japani mwaka 2016, lenye rangi ya fedha, limesuguliwa likang'aa, na ndani likinukia manukato kama chumba cha bi harusi. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu, akanipa kiti, akaniagizia kahawa, na kila jambo nililouliza alilijibu kwa staha. Mita ilisoma kilomita 67,200. Sikwenda peke yangu, wala sikwenda kwa pupa: nilifuatana na fundi ambaye ananitengenezea vyombo vyangu tangu ujana wetu, naye aliinama, akachungulia uvunguni, akasikiliza injini, ambayo tuliikuta imekwisha kuwashwa na kupata moto kabla hatujafika, akaniambia kwamba haoni nakisi. Nikatoa arbuni, nikamaliza deni baada ya wiki mbili, nikapewa risiti ambayo chini yake yalipigwa chapa maneno ya kuwa mali ikishauzwa hairudishwi. Kitabu cha gari, nilichoahidiwa kwa siku chache, nilikipata baada ya miezi minne ya kwenda na kurudi. Lakini hilo ni dogo, nami nalipita.

Mwezi wa tatu injini ilianza kunywa oili, na kila alfajiri, kabla haijapata moto, ilitoa moshi wa buluu. Asubuhi moja ya Ijumaa, nikiliosha gari mwenyewe, nilifungua mlango wa dereva kwa upana kuliko ilivyo desturi yangu, nikaona ubavuni mwa fremu, chini ya kitasa, kijikaratasi cha ukubwa wa kiberiti, kimepauka, kimeandikwa kwa hati ya Kijapani nisiyoijua. Hati sikuijua, lakini tarakimu hazihitaji mkalimani: 118,600. Jirani yangu, mtu wa kutoa mizigo bandarini, aliponijia alinieleza kwamba hiyo ni ilani ambayo gereji za Japani hubandika kila zinapobadilisha oili, na kwamba tarehe yake imeandikwa kwa hesabu ya enzi ya mfalme wao, mwaka wa nne wa Reiwa, ambao kwetu ni 2022. Maana yake ni kwamba gari hili lilikuwa limekwisha kwenda kilomita 118,600 mwaka mzima kabla ya mita yake kuniambia 67,200. Ndipo nilipoinama nikalitazama kanyagio la breki, ambalo siku ya kununua lilifunikwa na zulia jipya lililopandishwa juu, nikaona mpira wake umelika upande mmoja hata chuma kinachungulia. Mguu wa mtu hauli mpira namna ile katika safari chache.

Nilirudi yadini. Yule kijana hakukasirika wala hakukanusha, alisema tu, kwa sauti ile ile ya kahawa, "Mzee wangu, gari uliliona, fundi wako alilikagua, ukaridhika." Jioni yake nilipousimulia mkasa barazani, sahibu yangu mmoja alinipiga begani akasema, "Umri wote huo, bwana! Wajinga ndio waliwao." Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, na tangu usiku ule kwa muda wa mwaka mzima sikumweleza mtu mwingine. Naomba msomaji aushike mwaka huo wa kimya, kwa kuwa nitaurudia.

Sasa tuulize, ujinga ni nini? Kuna kutojua jambo ambalo mtu angeweza kulijua lau angejishughulisha, na huo ni upungufu wake, naye anastahili kulaumiwa kwa kadiri yake. Na kuna kutojua jambo ambalo mwenzio amelificha kwa makusudi, akatumia maarifa, zana na fedha ili usilijue. Na huko kutojua hakukuzaliwa na mnunuzi, kulitengenezwa na muuzaji kama seremala atengenezavyo kiti. Gari la Japani haliji kwetu bila nasaba. Sheria ya kwao hulilazimisha kukaguliwa likitimiza miaka mitatu, na tena kila baada ya miaka miwili. Na likipelekwa mnadani, huandikiwa karatasi inayotaja daraja la hali yake, majeraha ya bodi yake na kilomita zilizosomwa siku ile. Kisha huvuka bahari, na hapa kwetu Kenya halipokelewi likiwa limepita miaka minane, wala usukani wake ukiwa kushoto. Elimu yote hiyo husafiri pamoja na chombo hadi lango la yadi, na hapo ndipo inapopotea, mita ikarudishwa nyuma, karatasi ya mnada ikaingia mkobani isitoke tena. Iweje basi aliyeizima taa aitwe mwerevu, na aliyejikwaa gizani aitwe mjinga?

Wazee wetu wa pwani, ambao waliishi kwa biashara ya jahazi karne nyingi kabla ya kuletwa motokaa, hawakuyaona mambo kwa jicho hilo. Kila mtoto wa chuoni hufundishwa kisa cha Mtume Muhammad alipopita sokoni penye lundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta umajimaji uliofichwa chini ya punje kavu. Alimwelekea mwenye lundo, akamuuliza sababu ya kutoiweka juu ile iliyorowa, ili watu waione, akamtoa mwenye kughushi katika hesabu ya watu wake. Nawaomba wenzangu wakitafakari kisa hiki kwa jambo moja ambalo hatulizingatii: hakuwageukia wanunuzi kuwauliza kwa nini hawakutia mikono yao. Suali lilikwenda kwa yule aliyekuwa na habari. Nayo Biblia ya ndugu zetu Wakristo inaichukia mizani ya hadaa, wala haimlaumu aliyepimiwa kwayo.

Sheria za dunia nazo zimeelekea huko. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, iliyofuata ile ya Uingereza ya mwaka 1893, humwondolea muuzaji jukumu la aibu ambazo ukaguzi wa mnunuzi ulipaswa kuzifichua. Ama zile ambazo jicho la kawaida lisingeziona, haikuziweka katika fungu hilo. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, haki ya kupewa habari anazozihitaji, na haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na kasoro. Huko Marekani, ambako watu si werevu kuliko sisi kwa kuzaliwa, kurudisha mita nyuma kulipigwa marufuku na sheria ya nchi nzima mwaka 1972, na tangu 1985 wenye yadi wanalazimika kubandika kiooni karatasi inayosema wazi kama gari linauzwa na dhamana au bila dhamana. Hawakungoja kila mnunuzi awe fundi. Walimbebesha mzigo yule mwenye mabega ya kuubeba.

Yupo atakayenijibu kwamba watu wanapenda rahisi, na cha rahisi huvunja upishi. Hoja hii ina ukweli, nami siipuuzi: mtu akiuziwa gari kwa nusu ya bei ya soko, na asiulize kwa nini, amejifumba macho mwenyewe. Lakini mimi nililipa bei ya soko, nao wengi walioniletea visa vyao walilipa kama mimi. Fauka ya hayo, hata huyo anayetafuta rahisi kwa kuwa mkono wake ni mfupi, mwalimu, muuguzi, mvuvi anayetaka kufikisha samaki wake sokoni Kongowea kabla ya jua kupanda, haki yake ya kuambiwa kweli haipungui kwa kupungua kwa fedha zake. Muuzaji ana ruhusa ya kuuza gari bovu; asichokuwa na ruhusa nacho ni kuliuza kwa jina la gari zima.

Wala dhara hili halimwishii mnunuzi. Mwanauchumi wa Marekani, George Akerlof, katika makala ya mwaka 1970 iliyochangia kumpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, alionyesha kwa mfano wa magari yaliyotumika jinsi hali hii inavyoliua soko lenyewe: mnunuzi asipoweza kulibagua zima na bovu, hutoa bei ya kati na kati, mwenye gari zima huona bei hiyo haimlipi, hujitoa sokoni, yanayobaki ni mabovu zaidi, na bei inazidi kushuka. Hapa kwetu wako wenye yadi waaminifu, nami nawajua, ambao huitoa karatasi ya mnada kabla hujaiomba, na gari lao lenye kilomita 130,000 hukaa juani miezi, kwa sababu la jirani yao, ambalo ni kuukuu kuliko lao, lina mita isomayo 60,000. Methali yetu inapomcheka aliyeliwa, inamfilisi pia yule aliyekataa kula.

Hapa naurudia mwaka wangu wa kimya. Yadi ile haikulindwa na wakili, wala na maneno yaliyo chini ya risiti. Ililindwa na aibu yangu. Nilikuwa na ushahidi wa tarakimu, nilikuwa na sheria upande wangu, na bado nilinyamaza, kwa kuwa kusema kulikuwa ni kujitangaza kuwa mjinga. Katika mwaka huo wengine waliingia lango lile lile, wakapewa kiti na kahawa. Nilipokwisha kuvunja kimya, ndani ya wiki moja watu watatu wa mtaa wangu, mmoja wao akiwa yule yule aliyenipiga begani, walinijia faraghani kunieleza kwamba na wao yaliwafika. Sote tulikuwa tumekaa baraza moja, tukichekana, kila mmoja akiificha karatasi yake.

Kwa hiyo nawaambia wanaokwenda kununua: fikeni asubuhi injini ikiwa baridi, na mkiikuta ina moto ondokeni mrudi siku nyingine, daini karatasi ya mnada, na kilomita zinazosomwa ziandikwe juu ya risiti kwa mkono wa muuzaji, na sahihi yake chini, kwani anayeapa kwa mdomo aghalabu husita akipewa kalamu. Nasi tunaobaki barazani tuna wajibu uliokuwa mwepesi siku zote: mtu akija na hasara yake, tumuulize ni nani aliyemuuzia.

Kile kijikaratasi sijakibandua. Jirani yeyote anayetaka kununua gari mimi humwita nje, nikamfungulia mlango wa dereva, nikamwonyesha kilipo, kisha nikamwonyesha kanyagio. Husoma tarakimu, hutazama mpira ulioliwa, na mpaka leo hakuna hata mmoja aliyecheka.